Kitanda Kitupu: Shajara ya Kumtafutia Mtoto Mahali pa Kulala

Wiki ya 22 ya ujauzito

Dada ametuletea kitanda leo. Ni kilekile walicholalia wanawe wawili: cheupe, chenye fito pande zote, na ubavu mmoja unaoteremka kwenye reli ili mzazi asiiname sana anapomchukua mtoto. Kimekaa stoo miaka mingi kikiwa vipande vipande, bolti zake zikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Nilitamani tukifunge usiku huohuo. Mume wangu akaniomba tungoje Jumamosi, tukifunge mchana kwenye mwanga.

Naanza kuandika kwa sababu nataka kila uamuzi tutakaoufanya kuhusu kitanda uwe na sababu yake. Mtoto mchanga hulala kati ya saa 14 na 17 kwa siku. Nyingi kati ya saa hizo hakuna atakayekuwa anamtazama, maana na sisi tutakuwa usingizini. Vitu vyake vingine vyote, beseni, kiti, kigari, tutavitumia tukiwa kando yake. Kitanda ndicho pekee tutakachomkabidhi mtoto na kugeuka.

Jumamosi, wiki hiyohiyo

Tumekifunga, na furaha imepungua.

Karatasi ya maelekezo haipo. Kwa kuhesabu matundu, bolti zinatakiwa nane. Mfukoni zimo sita. Kwenye matundu mawili yaliyobaki mtu aliwahi kutia skrubu za mbao, na nilipoikaza moja kwa bisibisi ilizunguka tu bila kushika, kwa sababu mbao ya ndani imeshalika. Ufito mmoja uliwahi kuchomoka ukarudishwa kwa gundi. Nikiusukuma kwa kidole gumba unacheza. Ndoano ya plastiki inayoshikilia ubavu unaoshuka, ile ya chini kushoto, ina ufa mwembamba kama unywele. Ukipandisha ubavu unasikia mlio wa kufunga, unaamini umefunga, halafu ukiuvuta kwenye kona ya chini unaachia sentimita mbili hivi.

Hizo sentimita mbili nimeziwaza jioni nzima.

Wiki ya 23

Sasa naelewa nilichokiona. Marekani ilipiga marufuku kutengeneza na kuuza vitanda vyenye ubavu unaoshuka kuanzia Juni 2011, baada ya kuhusishwa na vifo vya watoto wasiopungua 32 tangu mwaka 2000. Kanada nayo ilivikataza mwaka 2016. Ubavu wenyewe haukuwa na ubaya. Ubaya uko kwenye vipande vidogo vinavyoushikilia, ambavyo hulegea kila unapoupandisha na kuushusha, mara kumi kwa siku, mwezi baada ya mwezi. Siku moja kona moja inaachia. Ubavu unainama kidogo kwa nje, pengo linafunguka kati yake na godoro, mtoto anateleza humo na uzito wake mwenyewe unamkandamiza. Hana nguvu ya kurudi juu. Mara nyingi hata sauti haitoki.

Nilitaka angalau kupiga msasa na kukipaka rangi upya, huenda bolti na ndoano tungezipata baadaye. Hilo nalo nimeliacha. Shemeji aliwahi kukipaka rangi iliyobaki kwenye kazi nyingine, na hakuna anayekumbuka ni rangi gani. Rangi za mafuta za zamani, na baadhi ya zile ambazo bado zinauzwa, zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na vumbi la msasa ndilo njia rahisi kabisa ya risasi kuingia mwilini. Nikiwa mjamzito, inapita kwenye kondo hadi kwa mtoto. Na meno yakianza kumwasha, mtoto hutafuna ubao wa juu wa kitanda kama muwa. Kwa hiyo rangi isiyojulikana sitaki kuikwangua wala kuiacha.

Wiki ya 24

Nimemwambia Dada. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizozifanya kwenye mradi huu.

Alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Mdogo wangu, wanangu wote wawili wamelala humo na ni wazima."

Nikamwambia, "Ni wazima, Dada, na namshukuru Mungu. Walilala humo kikiwa kipya, bolti nane zikiwepo. Njoo ukiguse leo."

Alikuja. Nilimwachia aushike ubavu mwenyewe, sikusema neno. Aliuvuta ile kona ya chini, ukaachia. Akauvuta tena. Alikaa kitandani kwetu muda mrefu akiitazama ile ndoano, na nilijua anawaza usiku wangapi alizima taa na kuondoka. Kisha akaniuliza kama kuna bisibisi nyingine.

Tulikifungua wote watatu. Tumekata fito zote kwa msumeno, kwa sababu kitanda kizima kikiwekwa nje mtu mwingine mwenye shida atakiokota na kukitumia, na hatakuwa na wa kumweleza. Ubao wa kichwani nao tumeukata vipande.

Wiki ya 26

Nimejiandikia kadi ya vipimo ya kutembea nayo dukani pamoja na futi ya kupimia. Inafaa niandike na sababu, ili nisije nikalegea mbele ya kitanda kizuri.

Mwanya kati ya ufito na ufito: usizidi milimita 60 kwa kiwango cha Marekani. Kiwango cha Ulaya kinataka uwe kati ya 45 na 65. Kimeweka na mpaka wa chini ili mkono au mguu usikwame. Sababu ya mpaka wa juu inatisha ukiielewa. Kiwiliwili cha mtoto ni chembamba kuliko kichwa chake. Miguu ikitangulia, nyonga hupita, kifua hupita, kichwa kinabaki ndani, na mtoto ananing'inia kwa shingo. Watu hupenda kupima kwa kopo la soda: likipita katikati ya fito, kitanda hakifai. Ni kipimo kizuri cha kukataa, lakini si cha kukubali. Kopo lina kipenyo cha milimita 66 hivi, kwa hiyo mwanya wa 64 utalizuia kopo na bado utakuwa mpana kuliko 60. Mimi nitapima kwa futi, tena mianya kadhaa, na nitapima huku mume wangu akizitanua fito kwa mikono.

Matendegu ya kona: yawe sawa na ubao wa juu, yasichomoze zaidi ya milimita 1.5. Tendegu linalochomoza hunasa kola au kamba ya nguo ya mtoto anayejaribu kutoka.

Ubao wa kichwani na wa miguuni: usiwe na matundu ya urembo, mioyo na nyota na miezi. Tundu lolote linalopitisha mwili wa mtoto lakini si kichwa chake ni mtego uleule wa fito.

Kina: chaga, yaani sehemu inayobeba godoro na inayoweza kupandishwa na kushushwa, ikiwa chini kabisa, kutoka juu ya godoro hadi ukingo wa ubavu pawe na sentimita 50 au zaidi.

Bolti: ziingie kwenye nati au kikombe cha chuma kilichozamishwa kwenye mbao. Sitaki tena skrubu inayotafuna mbao tupu.

Na mbavu zote nne zisiwe na sehemu inayosogea.

Wiki ya 29

Tumetazama vitanda kwa wiki tatu. Vingi vilianguka mapema.

Kimoja niliachana nacho kwa shida, nakiri. Mbao nzito, rangi ya asali, ubao wa kichwani umechongwa majani na maua yaliyotoboka hadi upande wa pili. Nilipitisha ngumi yangu kwenye ua moja. Muuzaji alisema mtoto mchanga hawezi kufika pale juu. Mtoto mchanga hawezi, lakini kitanda hiki ni cha kutumia miaka miwili, na mtoto wa miezi kumi anasimama.

Kingine kilikuja na zawadi kamili: mto, mfarishi mnene, na godoro jembamba la kuzungushia fito ili mtoto asijigonge. Fito zilikuwa sawa, bolti sawa. Kilichonikera ni picha kwenye boksi, mtoto amelala katikati ya mito yote ile. Mzazi anayenunua kwa mara ya kwanza ataipanga kama picha ilivyo. Yale magodoro ya kuzungushia Marekani iliyapiga marufuku kwa sheria mwaka 2022, pamoja na vilalio vya mwinamo vya watoto wachanga, kwa kuwa mtoto anayejigonga hupata uvimbe mdogo tu, lakini anayegandamiza pua kwenye sponji hukosa hewa.

Susu la kubembea tuliliwaza pia. Ni zuri kwa miezi michache ya mwanzo, lakini mtoto akianza kujigeuza au kujiinua kwa mikono muda wake umekwisha. Tukaona heri kitanda kimoja kuanzia mwanzo.

Wiki ya 30

Tumepata. Cha mbao, hakina nakshi hata moja, mbavu nne zisizosogea, chaga yenye ngazi tatu. Mianya nimepima saba: midogo kabisa 55, mikubwa 57. Fito zikitanuliwa kwa mikono hazikusogea hata milimita moja ninayoweza kuiona. Matendegu yako sawa na ubao. Nikaweka mikono juu ya ubavu nikaegemea kwa uzito wa watu wawili, mimi na aliye tumboni, hakikulia. Jina la mtengenezaji, toleo na tarehe ya kutengenezwa vimebandikwa chini ya chaga. Nimevipiga picha, ili siku wakitangaza kurudisha bidhaa nijue kama ni hiki.

Wiki ya 31: godoro

Hapa ndipo nilipojifunza mengi, na hapa ndipo watu wengi, na mimi mmoja wao, huchagua vibaya kwa mapenzi. Nilikuwa nabonyeza magodoro kwa kiganja nikitafuta lililo laini, kama ninavyotafuta la kwangu. Mtoto anahitaji kinyume chake. Godoro lake liwe gumu kiasi kwamba ukilibonyeza na kuachia linarudi papo hapo, halibaki na alama ya kiganja. Kichwa cha mtoto ni kizito kuliko shingo yake inavyoweza kukiinua. Kikizama kwenye godoro laini, pua na mdomo vinaingia kwenye shimo dogo, na hewa anayoitoa inabaki humohumo. Anaivuta tena. Kila pumzi ina oksijeni kidogo kuliko iliyotangulia.

Godoro la kwanza tuliloletewa lilikuwa gumu vizuri lakini fupi. Kwenye upande wa miguuni nilipitisha vidole vinne vikiwa vimelala pamoja. Kipimo ni vidole viwili. Vikiingia zaidi ya hapo, pengo linatosha uso wa mtoto. Mume wangu akapendekeza tujaze pengo kwa taulo lililokunjwa. Nilimwonyesha kwamba taulo nalo ni kitu laini ndani ya kitanda, linatoka usiku na kumfunika. Akakubali haraka, tukalirudisha.

La pili limekaa. Unene wake sentimita 12; nimeambiwa lisizidi 15, kwa kuwa kila sentimita ya godoro inapunguza kina cha mbavu. Vidole viwili vinaingia kwa shida, pande zote nne. Shuka ni ile yenye lastiki, ya vipimo vyake hasa. Nimeifua na kuirudisha mara mbili nione kama pembe zinafyatuka. Hazifyatuki.

Wiki ya 34

Kitanda kimefungwa chumbani kwetu, upande wangu, umbali wa mkono. Atalala humu na sisi miezi sita ya mwanzo au zaidi, kitandani kwake mwenyewe. Dirisha liko upande wa pili wa chumba, na kamba za pazia tumezifunga juu. Ile fremu ya picha iliyokuwa ukutani juu ya kitanda imeondoka. Waya wa taa umepita nyuma ya kabati.

Tumekiweka mapema ili harufu ya rangi na godoro iishe.

Wiki ya 37

Zawadi zimeanza kufika, na zote ni laini. Blanketi tatu, mto wenye umbo la nyota, dubu mkubwa. Dada amefuma blanketi la sufu kwa mkono, miezi miwili ya kazi, akalitandaza kitandani kwa mtoto na kurudi nyuma kulitazama. Lilipendeza mno.

Nilingoja atoke nje ya chumba nililitoe, kisha nikaona si haki kumficha. Nikamweleza: kitandani anaingia mtoto, godoro na shuka iliyokazwa, basi. Baridi tutaikabili kwa nguo na lile vazi la kulalia lenye umbo la mfuko, lililofungwa mabegani, lisiloweza kupanda usoni. Blanketi lake nimelikunja juu ya kiti. Litakuwa la kumlaza sakafuni mchana akiwa macho, na mimi nikiwa nimekaa naye.

Akauliza kuhusu kulala chali, maana wanawe aliwalaza kifudifudi kama alivyoagizwa na wakubwa. Si mtoto atapaliwa na maziwa? Hofu hiyo nilikuwa nayo pia hadi nilipoona mchoro. Mtoto akilala chali, njia ya hewa inakaa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yanayorudi yanapaswa kupanda mlima ili yaingie kwenye pumzi. Akilala kifudifudi, mpangilio unapinduka. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu. Dada alinisikiliza hadi mwisho. "Basi ndivyo alale," akasema.

Siku ya 6

Amefika. Analala chali, mikono juu kama aliyeshinda mbio.

Wiki ya 7

Usiku mbaya. Kitandani kwake anaamka baada ya dakika kumi, kifuani kwangu analala saa mbili. Saa tisa usiku nilijikuta nimekaa naye kwenye kochi, na macho yangu yalikuwa yamefumba. Sijui kwa muda gani.

Hili naliandika bila kulipunguza. Nimechagua kitanda kwa milimita, kisha nikakaribia kulala naye mahali pabaya kuliko kile kitanda cha kwanza. Kwenye kochi mtoto huteleza kati ya mwili wa mzazi na mto wa kuegemea, na mzazi aliyechoka hasikii kitu. Kuanzia leo usiku namnyonyeshea kitandani kwetu, mito na mashuka yakiwa yameondolewa upande wangu, na mume wangu yuko macho au saa ya kengele imewekwa. Nikijiona nasinzia namwamsha, anamchukua. Kochi ni la mchana.

Mwezi wa 4

Leo amejigeuza kutoka chali hadi ubavu. Kumviringisha kwenye khanga ya kulalia kumekwisha leo hii, kwa sababu akigeuka kifudifudi mikono ikiwa imefungwa hataweza kuinua uso. Vile vindege vinavyoning'inia juu ya kitanda navyo nimevishusha. Vinatakiwa kutoka akitimiza miezi mitano au akianza kujiinua kwa mikono na magoti, lolote litakalotangulia, na sikuona sababu ya kusubiri.

Bolti zote nimezikagua. Moja ya upande wa miguuni ilikuwa imelegea robo mzunguko.

Mwezi wa 6

Anakaa kwa kuegemea mikono. Chaga imeshuka ngazi ya kati.

Mwezi wa 9

Tumemkuta amesimama, ameshika ubao wa juu kwa mikono miwili, anautafuna. Tumeshusha chaga hadi chini kabisa kabla ya usingizi wa mchana, naye akituangalia kutoka mikononi mwa Dada. Kutoka godoro hadi ukingo ni sentimita 53. Yeye ana 71. Kitanda hiki kitamfaa hadi afikie 89, au hadi ukingo uwe chini ya robo tatu ya urefu wake, jambo ambalo kwa kina hiki litatangulia: nimepiga hesabu, ni akigusa sentimita 71, yaani sasa hivi.

Nimepima tena. Ni 71 kamili. Basi kuanzia usiku wa leo naangalia kila anaposimama ukingo unamfikia wapi. Bado uko juu ya chuchu zake, na mguu haufiki. Siku akiinua goti hadi ukingoni, godoro linahamia sakafuni. Dada ameshaanza kuuliza kabati la chumbani limefungwa ukutani kwa kitu gani, lisije likamwangukia, na Jumamosi anakuja na bisibisi.